Kichurachura Bila Kosa

 

Leo nazungumza juu ya kuruka. Kila aliyepita shule ya msingi nchini Tanzania anakijua kichurachura: mikono imeshika masikio, umechuchumaa, unaruka hivyo hivyo kama ulivyo mpaka mwalimu wa zamu achoke kukutazama. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa wanakijua zaidi, na wapo ambao mapaja bado yanawauma wakikumbuka. Tumekua tukiamini kwamba mtu harukishwi bure, lazima awe na kosa. Basi sikiliza. Wataalamu wa fiziotherapia katika nchi kadhaa sasa wanawarukisha vijana wenye mtindio wa ubongo. Wanawarukisha kwa ratiba, mara mbili au tatu kwa juma, majuma 8 hadi 14, na wanapima mwendo wao kabla na baada. Matokeo yao yanatosha kutufanya tufikirie upya namna tunavyowalea watoto hawa.

Najua kuna bibi karibu na stesheni ya hapa Bukene, mkoani Tabora, amekwisha guna. "Mtoto kusimama tu ni kazi, wewe unataka aruke? Mtamvunja." Shikamoo, bibi. Guno lako lina haki, nami nitalirudia kabla sijamaliza, maana wapo watoto ambao kweli hawafai kurukishwa. Lakini wapo wengine, pengine mjukuu wako mmojawapo, ambao kinachowakalisha chini si ubongo peke yake. Ni huruma yetu pia.

Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia ungali mchanga: mimba ikiwa tumboni, wakati wa kujifungua, au katika miaka ya mwanzo ya mtoto. Jeraha lenyewe haliongezeki. Hili nalisema taratibu kwa sababu wengi hudhani ni ugonjwa unaomla mtoto kidogo kidogo. Kinachobadilika ni mwili. Mtoto anarefuka, mifupa inakwenda mbele, misuli iliyokakamaa inabaki nyuma, na baadhi ya waliokuwa wakitembea vizuri wakiwa na miaka 8 wanaanza kuchoka na kuburuta mguu wakifika 14. Kijijini tunasema ugonjwa umerudi. Haukurudi. Mwili umekua ukaishinda misuli.

Daktari William John Little aliieleza hali hii mbele ya madaktari wenzake wa London mwaka 1861, akaihusisha na uzazi mgumu na mtoto kukosa hewa. Sigmund Freud, ambaye watu humjua kwa habari za ndoto, alikuwa kwanza daktari wa mishipa ya fahamu, na mwaka 1897 aliandika kwamba huenda uzazi mgumu wenyewe ni dalili ya jambo lililoanza tumboni. Kwenye benchi la kliniki hutasikia Little wala Freud. Utasikia mama akisema, "Mwanangu hakulia alipozaliwa." Mwingine atakwambia wake alilia vizuri, akawa anatembea, kisha malaria ikampandia kichwani, degedege likamshika, alipozinduka mguu mmoja haukumtii tena. Mwingine atataja manjano ya siku za kwanza.

Akina mama hawa wanashuhudia jambo ambalo takwimu nazo zinalisema. Dk. Angelina Kakooza-Mwesige wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake walichunguza watoto zaidi ya 31,000 wa vijijini katika wilaya za Iganga na Mayuge, mashariki mwa Uganda, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Walikuta karibu watoto 3 wenye mtindio wa ubongo katika kila 1,000. Kiasi cha robo yao walikuwa wamezaliwa salama wakaumia baadaye, fungu kubwa kuliko lile la Ulaya. Timu hiyo ilipowafuatilia watoto hao iliona kwamba hatari yao ya kufa ilikuwa kama mara 25 ya watoto wengine wa eneo lile, na kilichowaua kilikuwa malaria, upungufu wa damu, maambukizi. Kwa hiyo nikizungumzia kuruka, usidhani nimesahau kwamba chandarua, uji na dawa ya kifafa vinatangulia. Asiye hai haruki. Lakini anayeishi naye hawezi kuachwa kwenye mkeka miaka 20 kwa kuwa tumeshukuru anapumua.

Nchi yetu hii imepima watu kwa miguu tangu zamani. Karne ya 19, misafara ilipokuwa ikienda na kurudi kati ya Unyanyembe, eneo la Tabora, na Bagamoyo, mzigo wa mpagazi ulikaribia frasila 2, yaani kilo 30 na ushee, na kijana wa Kinyamwezi hakuhesabiwa ameiva mpaka ameiona pwani. Watoto walifuatana na wakubwa wakiwa na vimizigo vyao. Tawi la kaskazini la njia hiyo lilielekea Karagwe na Buganda. Mpelelezi Mwingereza John Speke naye mwaka 1858 aliondoka Tabora akaelekea kaskazini hadi kulikuta Ziwa Victoria pale Mwanza, vitu vyake vikiwa mabegani mwa watu. Watu tuliojijengea sifa kwenye mwendo, unafikiri tulimwonaje kijana ambaye miguu yake ilikataa safari? Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza linalopita hapa Bukene likakamilika mwaka 1928. Upagazi wa masafa ukaisha, kipimo kikabaki. Bado mtu mzima kwetu ni yule anayeweza kuingia kwenye majaruba, kubeba ndoo, na kuwahi behewa kabla treni haijaondoka. Kwa hiyo ninapozungumza juu ya nguvu za miguu ya vijana hawa, sizungumzii michezo tu. Nazungumzia nafasi yao kati ya watu.

Wataalamu nao walikuwa na huruma yao, na ilitugharimu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Berta Bobath na mumewe Karel, daktari, wakimbizi waliohamia London, walieneza njia ya tiba iliyofika kila pembe ya dunia. Ilikuwa na mema mengi: ilimfanya mtoto ashikwe kwa upole, ageuzwe, azoeshwe mikao. Lakini ilibeba onyo kwamba kumkazanisha mtoto kutazidisha kukakamaa. Onyo hilo lilifundishwa vyuoni kwa miongo kadhaa. Miaka ya 1990 watafiti kama Diane Damiano wa Marekani walilipima jambo lenyewe badala ya kuliamini, wakakuta kwamba misuli iliyokakamaa ni misuli dhaifu vilevile, na kuitia nguvu hakuongezi ukakamavu. Fikiria idadi ya watoto waliokatazwa kutumia nguvu katika miaka hiyo yote kwa ajili ya hofu ambayo hakuna aliyeipima.

Ungedhani hapo mambo yamekwisha: watoto wanyanyue uzito, wapate nguvu, watembee. Haikuwa hivyo. Walifanya mazoezi ya uzito, nguvu zikaongezeka kweli, lakini mwendo wa wengi haukubadilika sana. Kilichokosekana ni kasi. Unapotembea, mguu wa nyuma una muda mfupi sana, chini ya nusu sekunde, wa kukusukuma mbele. Msuli wenye nguvu unaochelewa kuamka unafika mguu ukiwa umekwisha ondoka. Na msuli wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo ndivyo ulivyo: ni mdogo, ni mgumu, na unakawia.

Hapa ndipo kuruka kunapoingia. Mtoto wa Bukene anayefukuza ndege kwenye mpunga anaijua kanuni hii kwa manati yake: ukivuta mpira ukaachia papo hapo, jiwe linakwenda mbali, lakini ukiuvuta ukaurudisha polepole, jiwe linakuangukia miguuni. Unapotua chini, msuli wa shavu la mguu na kano ya kisigino vinavutika ghafla. Ukijirusha tena bila kukawia, mvuto ule unarudishwa kama nguvu. Ukisimama ukatafakari, umepotea. Yuri Verkhoshansky, kocha wa Kisovieti, alijenga mazoezi juu ya jambo hili miaka ya 1960 kwa ajili ya wanariadha wake, na mwaka 1975 Mmarekani Fred Wilt akayapa jina la plaiometriki. Yalikuwa mazoezi ya mabingwa. Ilichukua muda mrefu mtu kuthubutu kuyaleta kwa mtoto anayetembea kwa vidole.

Waliothubutu wapo sehemu nyingi. Uholanzi, mwaka 2017, yalichapishwa matokeo ya watoto 22 waliofanya mazoezi ya nguvu za haraka mara 3 kwa juma kwa majuma 14, kukimbia na kusukuma vitu kwa kasi, na uwezo wao wa kutembea ukapanda kuliko ulivyokuwa ukipanda wakati wa matibabu ya kawaida. Saudi Arabia, katika Chuo Kikuu cha Prince Sattam bin Abdulaziz, Ragab Elnaggar na wenzake wamechapisha tafiti kadhaa za kuruka kwa watoto ambao upande mmoja wa mwili ndio ulioathirika, wakaona nguvu za misuli na mizani ya mwili vikiimarika zaidi ya wenzao waliopata fiziotherapia ya kawaida tu. Tafiti hizi nyingi ni ndogo, zinahusu watoto wanaotembea wenyewe, na zimefuatiliwa kwa miezi, si kwa miaka. Anayekuuzia kuruka kama tiba ya mtindio wa ubongo anakudanganya. Jeraha la ubongo litabaki pale pale. Kinachotafutwa ni kijana kupanda ngazi bila kushikwa, kuvuka mtaro, kujikwaa asianguke.

Sasa nirudi kwa bibi wa stesheni, maana hapa ndipo anapohitajika.

Mwaka 1997 wataalamu wa Hamilton, Kanada, waliwagawa watoto hawa katika ngazi 5 kwa kutazama wanavyojongea. Wa ngazi ya 1 na ya 2 wanatembea wenyewe, na ndio hasa wanaofaa kuruka. Wa ngazi ya 3 anatumia magongo au kifaa cha kujishikiza, naye anaweza kufanya baadhi, akishikiliwa vyema. Wa ngazi ya 4 na ya 5, ambao wanabebwa au wanakaa kwenye kiti cha magurudumu, hawarukishwi. Mifupa ya mtoto asiyesimama huwa myembamba na huvunjika kwa jambo dogo, na nyonga zake zinaweza kuwa zimeanza kutoka mahali pake bila mtu kujua. Wao wana mahitaji yao, kusimamishwa kwenye fremu kukiwemo, na hayo tutayazungumza siku nyingine. Hata anayetembea, kama kifafa hakijatulia, kama amefanyiwa upasuaji karibuni, kama analalamika maumivu ya nyonga au goti, asubiri. Na picha ya nyonga ipigwe kwanza. Bibi, hapo nakuunga mkono kabisa.

Aliyepita mlango huo haanzi na kuruka. Anaanza na kutua. Huu ndio moyo wa jambo lote, na ndipo watu wenye haraka wanapoharibu. Kwanza, ainuke kutoka kwenye kigoda upesi na kuketi polepole, mpaka aweze bila kujishikilia. Ainue visigino, avishushe. Kisha asimame juu ya tofali moja la kuchoma lililolazwa, ashuke kwa miguu yote miwili, na abaki pale alipotua akihesabu mpaka tatu. Tazama magoti: yakigongana, bado. Tazama kisigino: kisipogusa ardhi, bado. Sikiliza pia, kwa sababu anayetua vizuri hatoi kishindo. Ukisikia kishindo, teremsha kazi, usiongeze. Mtoto akiweza hayo kwa majuma kadhaa ndipo arukeruke hapo hapo alipo, mama au kaka amemshika mikono yote miwili. Kisha fimbo ilazwe chini aivuke. Kisha kamba. Mguu mmoja huja mwisho kabisa, na wengine hawafiki huko, wala si neno.

Hesabu kutua, usihesabu dakika. Mwanzoni mtaalamu anaweza kumpa kutua 30 au 40 kwa siku, akipumzika katikati, na siku inayofuata asiguse. Akianza kuchoka na miguu kuanza kujikunja vibaya, siku hiyo imekwisha, hata kama hesabu haijatimia. Hapa ndipo mazoezi yanapoachana na kichurachura cha mwalimu wa zamu, ambacho shabaha yake ni kukuchosha. Huku uchovu ndio unaoharibu kazi.

Vifaa? Bukene hatuna mikeka ya hospitali za mijini, lakini pumba za mpunga zimerundikana nyuma ya kila mashine ya kukoboa. Jaza magunia, yashone vizuri, yatandaze, mtoto atue hapo majuma ya kwanza. Baadaye mhamishie kwenye ardhi ngumu iliyosawazishwa, kwa kuwa palipo laini sana hapamrudishii nguvu. Avae raba zinazombana. Kandambili hapana, zimevunja meno ya watu wazima, seuze mtoto huyu.

Kuna faida moja ambayo vipimo havioni vizuri. Kijana wa miaka 14 hataki kulazwa kwenye mkeka mama yake amvute mguu mbele ya wadogo zake. Ana aibu yake, na ana haki nayo. Mwite kuruka kamba na wenzake chini ya mwembe na ni habari nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwaingiza watoto na vijana wenye ulemavu kwenye pendekezo lile lile la wengine: wastani wa dakika 60 za kuujongesha mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa juma mazoezi ya kuimarisha misuli na mifupa. Sasa tazama shule zetu asubuhi. Mchakamchaka unaanza, wimbo unapigwa, na yule mmoja anaambiwa, "Wewe kaa hapo utulindie madaftari." Mwalimu anasema hivyo kwa wema. Miaka saba ya kulinda madaftari inatosha kumfanya mtoto aamini kwamba mwili wake ni wa kuketishwa.

Kenya mwaka 2024 ilipeleka Paris mrukaji anayeitwa Samson Ojuka. Kwenye Michezo ya Paralimpiki alishindana katika kuruka chini kwa wanaume wa daraja la T37. Hilo ni daraja la wanariadha ambao uratibu wa viungo vya upande mmoja umeathirika, na wenye mtindio wa ubongo wamo. Alitua kwenye mita 6.20 akapata medali ya fedha. Simtaji ili kila mzazi wa Bukene ategemee medali. Namtaja kwa sababu mahali fulani, siku fulani, kuna mtu mzima aliyemwacha aruke.

Tatizo letu kubwa ni watu. Chuo cha fiziotherapia kipo hospitali ya KCMC, Moshi. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam imefanya kazi ya utengamao tangu mwaka 1994. Karibu zaidi tuna hospitali za Kitete, Tabora mjini, na Nkinga kule Igunga. Kwa mama wa Bukene mwenye mtoto mgongoni na nauli ya kukopa, hata hapo karibu ni mbali, na mazoezi ya mara mbili kwa juma hayafanywi kwa kusafiri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya afya na utengamao. Haki hiyo haishuki kwenye treni yenyewe.

Kwa hiyo nina ombi, na ninawaomba watu ninaowajua wanasikiliza. Waheshimiwa madiwani wa wilaya yetu ya Nzega, wekeni kwenye bajeti safari ya mtaalamu mmoja wa fiziotherapia kuja Bukene kila baada ya miezi 3, siku moja, awapime watoto, awapange kwa ngazi zao, awafundishe wazazi na mwalimu mmoja wa michezo kwa kila shule, aondoke, arudi kuwapima tena. Gharama yake ni nauli, posho na chakula cha mchana. Walimu, msisubiri bajeti kumwondoa mtoto kwenye ulinzi wa madaftari: aingie kwenye mstari wa mchakamchaka atembee mwendo wake, hilo halihitaji mtaalamu. Na wewe baba au mama mwenye mtoto wa namna hii, usimrukishe kesho kwa sababu umesikia redioni. Nenda kituo cha afya, omba barua ya rufaa, na ukifika hospitali waambie wampige picha ya nyonga kabla ya jambo lingine lolote.